Ndugu Mshiriki

Ndugu mshiriki,

Nimekuita hivyo kwa sababu ndivyo ulivyoniita. Jumatatu simu ilitoa mlio, nikaona jina lako, nikairukia kama mtoto mjinga. Ulikuwa hujaniandikia muda mrefu. Nikafungua. "Ndugu mshiriki, hongera kwa kujiandikisha kukimbia nusu marathoni. Tafadhali soma taarifa hizi muhimu za siku ya mbio." Ulikuwa ujumbe wa waandaaji, umeuforwadi kama ulivyoupokea, bila hata neno lako moja juu yake. Na mimi nilikuwa nimeshatumiwa huo huo tangu asubuhi, maana na mimi nimejiandikisha. Kwa hiyo kitu cha kwanza kunifikia kutoka kwako, tangu ile siku ya uwanjani, ni maneno ya mtu mwingine ambayo tayari nilikuwa nayo.

Shikamoo sijaandika. Sijaisahau. Mama alipita nyuma yangu akachungulia, akauliza, "Shikamoo iko wapi?" Nikamwambia ndugu mshiriki hapewi shikamoo. Akanitazama, akarudi kwenye cherehani yake.

Barua hii naiweka wazi, wanajogingi wote waisome, wa Keko na wa huko kwako. Najua mtoto hamsemi babake hadharani. Lakini ungeniaibisha chumbani, ningekujibu chumbani.

Wanaosoma wajue basi kwamba wewe ni baba yangu, fundi seremala, uliyekuwa na banda lako Keko pale barabarani, na kwamba kabla hujahama wewe ndiye uliyekuwa mwimbishaji wa klabu yetu ya jogingi. Kila Jumapili alfajiri ulikuwa unatuimbisha kutoka Keko mpaka Chang'ombe na kurudi, filimbi shingoni, na vumbi la mbao bado limekaa kwenye nyusi tangu Jumamosi.

Unakumbuka siku ya kwanza uliyonipeleka? Nilikuwa darasa la nne. Pumzi yangu ilikuwa fupi, nikipanda ngazi za shule tu nilikuwa nashika ukuta. Daktari alikwambia mtoto huyu afanye mazoezi taratibu, na wewe ukaona taratibu yenyewe ni jogingi ya watu wazima. Tulipofika, Mama Zuhura, yule anayetupikia supu ya makongoro baada ya mbio, akashika kiuno. "Baba Mwana, mtoto huyu atatuchelewesha. Supu itapoa, mie simo."

Ukamjibu, "Basi akae mbele."

"Mbele tena? Mwenye pumzi fupi akae mbele?"

"Ndiyo. Akikaa nyuma tutamwacha na hatutajua. Akikaa mbele, hakuna anayeweza kumwacha."

Ukaniweka mstari wa mbele katikati, mbele hata ya Mzee Kondo, mwenyekiti wetu, na bendera yake. Klabu nzima, na mijitu yenye miguu kama milango ya mninga, ikakimbia mwendo wa mtoto wa darasa la nne. Wapo waliocheka. Bodaboda mmoja alitupigia kelele, "Nyie mnakimbia au mnasindikiza maiti?" Na wewe hapo hapo barabarani ukatunga ule wimbo. Ukauliza:

"Mbele yupo nani?"

Ukawafundisha: "Mwana!"

"Mwana yupo wapi?"

Hapo ukaninong'oneza sikioni niseme, "Nipo!"

"Nyuma yupo nani?"

"Hakuna!"

Jina langu ni Mwanaidi, na Mwana ndivyo nyumbani mlivyolikata. Unajua nilivyokuwa. Darasani mwalimu akiita majina nilikuwa nanyanyua kidole, na siku asiponiona naandikwa mtoro huku nimekaa mbele yake. Sauti ilikuwa haitoki. Lakini Jumapili, watu wazima wakiniuliza nipo wapi, ilikuwa inatoka. "Nipo!" Nilikuwa naanza kuisubiri tangu Ijumaa. Miaka yote ile, mahali pekee duniani nilipoweza kusema kwa sauti kwamba nipo palikuwa mbele ya filimbi yako.

Na klabu ikaishika desturi hiyo. Akija mgeni mnene, au mzee, au mama aliyetoka kujifungua, anawekwa mbele, wimbo unabadilishwa jina kwa siku hiyo, halafu wiki inayofuata unarudi kwangu. Klabu nyingine zilikuwa zinatucheka kwamba Keko wanatembea. Ulikuwa unawaambia, "Sisi hatuachi mtu nyuma." Ulikuwa unasema hivyo umetoa kifua mbele. Nakukumbusha tu.

Kisha ikaja kazi ya Mbweni. Nyumba mpya zinajengwa, zinataka milango, makabati ya nguo, makabati ya jikoni, na wewe mkono wako unajulikana. Mwanzo ulikuwa unarudi kila Ijumaa. Ukawa unarudi mwisho wa mwezi. Halafu zikaanza foleni, ikaja mvua, mara mwenye nyumba anataka kuhamia haraka. Nilikuwa nakupigia kukuuliza Jumapili utakuja kutuimbisha, unasema, "Mwana, huku kazi haijaisha." Nilikuwa naamini. Nilikuwa nawaza huko Mbweni kuna nyumba ndefu sana, ina milango isiyokwisha.

Sasa tufike uwanjani.

Lilikuwa bonanza la klabu za jogingi, kule kwetu Temeke. Klabu zinaingia moja moja zikiimba, kila moja na jezi yake. Sisi tulikuwa tumeshaingia, kimya kimya, kwa filimbi tu, maana tangu uondoke hakuna aliyeuchukua wimbo wako. Watu walikuhesabu kama mtu ambaye bado atarudi. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya maturubai nakunywa maji.

Nikaisikia sauti yako kabla sijakuona. Nakuapia sikuwaza chochote. Sikujiuliza umekuja saa ngapi wala umekuja na nani. Nilisikia "Mbele yupo nani?" na watu wengi wakaitikia "Mwana!" Nikasikia "Mwana yupo wapi?"

Nikaitika, "Nipo!"

Niliitika kwa nguvu zangu zote, chupa ya maji mkononi. Kwa furaha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba niliitika kwa furaha.

Watu wakageuka. Ndipo nikakuona, umevaa jezi ya kijani ya klabu ya Mbweni, na mstari wa mbele katikati kuna mtoto wa kike mdogo, nywele zimesukwa vizuri, naye amefungua mdomo kuitika, akakuta nimeshaitika mimi. Akanitazama. Simlaumu. Alikuwa anashangaa tu, kama mtu aliyekuta mgeni amekalia kiti chake.

Kijana mmoja wa jezi hiyo hiyo akaangua kicheko. "Eti nipo! Sista, nani kakuita wewe?"

Mwingine akadakia, "Mwacheni, labda na yeye mwana."

Kicheko kikapita uwanja mzima. Na wewe uliniona, baba. Macho yetu yalikutana. Ukaweka filimbi mdomoni, ukapuliza, mkapita.

Baadaye ulinifuata nyuma ya maturubai. Nilidhani unakuja kuniomba radhi, au hata kudanganya, maana uongo wako nilishauzoea na ningeupokea. Ukaniambia, "Mwana, mbona unajiaibisha mbele za watu? Wimbo ni wimbo tu. Mwana ni mtoto. Mtoto yeyote."

Mtoto yeyote. Halafu yule mdogo akaja mbio akakushika mkono, na mama mmoja kutoka upande wa pili akaita, "Baba Shamim, chakula!" Ukageuka. Keko nzima unaitwa Baba Mwana. Jina hilo ulipewa siku niliyozaliwa. Kumbe huko umepewa jina jingine na unaliitikia bila hata kusita.

Unaweza kuoa, sheria ya dini inakuruhusu, na mama mwenyewe alisema hivyo nilipofika nyumbani nalia, habari ikiwa imeshamfikia kabla yangu. Alisema, "Kuoa angeoa. Angekuja akae hapo kwenye mkeka aseme." Akashona foronya za makochi ya watu mpaka jioni. Nami sikasirikii ndoa. Wala Shamim, ambaye mama yake alikuja naye kwako meno ya utotoni yakiwa yameshang'oka, na huenda naye pumzi yake fupi. Ungemtungia wake. Wewe ni mtu wa kutunga wimbo barabarani, huku unakimbia, bila kalamu. Ulishindwa nini kumtungia mtoto wa watu wimbo wake, ukamvalisha wangu kama nguo ya mtumba?

Jumapili iliyofuata niligoma kwenda jogingi. Nikajifunika shuka. Nikasikia kabati linafunguliwa, na kabati lenyewe ni la kwako, bawaba inalia, ulisema utaitengeneza. Mama alikuwa amevaa jezi yako ya Keko uliyoiacha, inamfika magotini, chini kavaa suruali yangu ya michezo ya shule, na ushungi kichwani. Mama, ambaye hajawahi kukimbia hata kuuwahi mkate.

"Amka," akasema. "Mimi pumzi yangu fupi. Twende mkaniweke mbele."

Tukaenda. Mama Zuhura alipomwona akashika kiuno vile vile kama zamani, akafungua mdomo kusema habari ya supu, kisha akaufunga. Mzee Kondo akasogea pembeni. Mama akakaa mstari wa mbele katikati, mahali pangu. Siku ile alifika nguzo ya tatu ya umeme akasimama, na klabu nzima ikasimama. Leo mama anakimbia kwenda na kurudi, na miezi hii tumekuwa tunaongeza umbali kila wiki, taratibu, mpaka tumeona tunaweza kujiandikisha kilomita ishirini na moja. Tutazikimbia kwa mwendo wake. Tutachelewa sana. Hatujali.

Lakini wimbo haukuwepo. Mzee Kondo aliniambia, "Mwana, umemaliza shule, umekua. Wimbo ule unaujua wewe. Jifunze kuimbisha." Nilijaribu mara moja tukiwa njiani. Mama Zuhura akasema, "Sauti gani hiyo, hata mbu anakushinda!" Wakacheka, nami nikacheka, kisha sikujaribu tena mbele yao. Nimekuwa nikijifunza bandani kwako. Amepanga fundi mwingine pale, na mashine yake ya randa ikiwaka hakuna anayesikia kitu, basi nasimama nyuma ya mbao zake naimba mpaka koo linakauka. Akizima mashine nanyamaza. Siku moja aliizima ghafla nikiwa katikati ya "Mbele yupo nani?" Akachungulia juu ya mbao akasema, "Mbele nipo mimi, binti, nataka kupita."

Raba ulizonitumia kwa bodaboda, siku ile ile ya ule ujumbe, zimefika. Ni nzuri, mpya, nyeupe. Ni namba ya mguu niliokuwa nao kidato cha pili. Halafu ule ujumbe ulioniforwadia, soma kipengele cha nne: mshiriki asivae viatu vipya siku ya mbio. Hukukisoma. Unanitumia taarifa muhimu ambazo mwenyewe hujazisoma, pamoja na viatu vinavyokatazwa na taarifa hizo, vya mguu wa mtoto ambaye hayupo tena. Nimempa jirani. Au ungempelekea Shamim, angekuja kuvijaza.

Na jana ndipo nilipojua kwa nini umenikumbuka. Tulikuwa tumemaliza mazoezi ya mwisho, tumekaa kwenye mabenchi ya Mama Zuhura, supu imeshagawiwa. Mzee Kondo akagonga kijiko kwenye bakuli. Akasema Baba Mwana amempigia simu. Baba Mwana anasema Jumapili anakuja na klabu yake mpya, na anaomba klabu mbili ziungane pale mstari wa kuanzia, aimbishe yeye kama zamani. Anasema yaliyopita yamepita, na wimbo ule ni wa watu wote.

Mmoja akasema, "Aje tu. Ana sauti yule mtu."

Mwingine, "Kweli, kwa filimbi tutalala njiani."

Mama alikuwa anafyonza mfupa wake. Hakuinua uso.

Mzee Kondo akasema, "Mimi nimemwambia nitauliza. Klabu hii ina mwimbishaji au haina? Kama haina, nimruhusu." Akatutazama mmoja mmoja, na mwisho akauliza, taratibu, kama mtu asiyekusudia lolote, "Mwimbishaji wetu yupo wapi?"

Unajua kilichonitokea? Nilikumbuka kile kicheko cha uwanjani. Nikalishika bakuli la moto kwa mikono miwili. Nilitamani mtu awashe mashine ya randa.

Nikasema, "Nipo."

Haikuwa sauti kubwa. Supu haikumwagika. Lakini hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeuliza nani kakuita. Mama Zuhura akasema, "Kumbe mbu ana meno," ndipo watu wakacheka, na mama akaweka mfupa chini, akajifuta mikono kwa ncha ya ushungi, macho yake yakiwa mekundu. Alisema ni pilipili.

Kwa hiyo na mimi nakupa taarifa za siku ya mbio, na hizi nimeziandika mwenyewe.

Hutatuimbisha. Si mstari wa kuanzia, si njiani, si kwenye picha mwishoni. Mzee Kondo atakwambia kwa heshima yake, mimi nakwambia bila.

Namba yako bandika kifuani, usiikunje, usiifunike. Nataka nikuone wewe ni namba ngapi, maana siku hiyo utakuwa mmoja kati ya namba.

Njoo mapema kama walivyosema, barabara zitafungwa. Usije ukatuambia foleni. Foleni zako nazijua zote.

Kituo cha maji ukitukuta, chukua maji yako upite. Usimkabidhi mama kikombe. Ana mkono.

Shamim mtungie wimbo wake. Nakuomba hili kwa hasira na bado nakuomba. Mtungie wenye jina lake, Shamim, ni jepesi, linaimbika. Asije akasimama siku moja uwanjani, chupa mkononi, akaitikia jina lililogawiwa mwingine. Sijui utawapenda wangapi, lakini wimbo mmoja haututoshi wote.

Wetu tumeubadilisha. Nitauliza mbele yupo nani, klabu itaitika "Mama!" Nitauliza Mama yupo wapi, na mama ataitika mwenyewe. Ameshajaribu jikoni. Sauti yake ni mbaya kuliko yangu. Kisha nitauliza nyuma yupo nani, nao wataitika "Hakuna!" kama ulivyotufundisha, na watakuwa wamesema kweli, kwa sababu wewe hukuachwa nyuma. Nimelifikiria sana hili nyuma ya zile mbao. Nilitaka kusema tulikuacha, nikaona ni uongo. Tuliokuwa kwenye mstari tungekusubiri. Klabu hii ilimsubiri mtoto wa darasa la nne, ikamsubiri na mkeo kwenye nguzo ya tatu ya umeme. Mwenye pumzi fupi tunamsubiri. Wewe pumzi ulikuwa nayo. Ulitoka kwenye mstari mwenyewe, ukiimba.

Ukichoka, kipengele cha mwisho cha ule ujumbe wako kinasema kutakuwa na gari nyuma kabisa la kuwachukua wanaoshindwa kumaliza. Panda hilo.

Na tukikutana, usiniite Mwana. Mwana ni mtoto yeyote, ulisema mwenyewe nyuma ya maturubai. Niite jina zima, lile ulilokwenda kuniandikisha nilipozaliwa, ukaitwa baba kwa ajili yake. Ukiliita lote nitageuka. Siahidi zaidi ya kugeuka.

Wako katika mbio,
mshiriki mwenzako,
Mwanaidi